Shajara ya mradi: kuchagua vifaa maalumu vya kufungua hedi ya injini

Jumamosi. Kabla ya kufungua bolti yoyote

Injini ni ya petroli, silinda 4, lita 1.5, valvu 16, kamshafti mbili juu ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu), na taimingi yake, yaani mpangilio wa valvu na pistoni kwenda pamoja, ni ya cheni. Bloku na hedi zote ni alumini. Ikiwashwa ikiwa baridi inamisi (silinda moja haichomi sawasawa), ikishapata moto inatulia, na maji ya rejeta yanapungua bila tone kuonekana chini ya gari. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa P0303. Kwenye mfumo wa OBD-II, yaani mfumo wa gari kujichunguza hitilafu, P0301 na kuendelea ni misimbo ya kumisi, na tarakimu ya mwisho inataja silinda. Nimehamishia koili ya silinda ya 3 kwenye ya 1, na plagi yake kwenye ya 4. Msimbo haukuhama. Basi tatizo si koili wala plagi, na kwa maji yanayopungua huenda liko ndani.

Shajara hii itahusu vifaa zaidi kuliko injini yenyewe. Spana, soketi, ratcheti na bisibisi ninazo. Ninachotaka kuamua ni vile vifaa maalumu ambavyo kitabu cha ufundi huvitaja kwa namba: cha kushikilia puli ya krenki, cha kubana springi za valvu, cha kubana ringi za pistoni, geji ya kupima kipenyo cha silinda, cha kukwaruza kuta za silinda, toki renchi (renchi inayopima nguvu ya kukaza), geji ya nyuzi (ya kupimia pembe bolti inapozungushwa), rula ya kupimia hedi, stendi ya injini. Orodha ya kwanza ilijaza ukurasa mzima. Ningenunua vyote, nusu vingekaa kabatini bila kuguswa, na kuna vichache ningevinunua vya saizi isiyofaa kwa sababu sikuwa nimepima chochote.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti: kifaa hakinunuliwi mpaka kuwe na kipimo kilichokidai. Maana yake ni kwamba vya kwanza kuingia ni vya kupimia, hata kama mkono unawashwa kufungua. Fundi mzee aliyenifundisha kushika spana nilimweleza mpango huu kwa simu, akanijibu, "Mwanangu, hapo sawa. Ipime ikiwa bado imefungwa, maana ukishaifungua haitakwambia tena ilikuwa inavujia wapi." Nimemwambia, "Nimekusikia, mzee wangu." Neno hilo ndilo linaloongoza kazi hii yote.

Jumapili. Geji ya kompresheni, halafu kipima mvujo

Geji za kompresheni ziko za aina mbili. Moja ina koni ya mpira unayoisukuma kwa mkono kwenye tundu la plagi, nyingine ina mpira mrefu wenye nyuzi unaofungwa kama plagi. Kwa injini hii ya koni haifai kabisa, kwa kuwa plagi ziko chini kwenye visima virefu katikati ya hedi na mkono haufiki. Nimechukua ya kufungwa, nyuzi M14 × 1.25 (kipenyo mm 14, hatua mm 1.25). Jambo la kuangalia kabla ya kulipa ni mahali kilipo kivalvu kidogo cha kuzuia hewa isirudi. Kinatakiwa kiwe mwisho wa mpira, upande wa silinda. Kikiwa juu karibu na saa ya geji, nafasi yote ya ndani ya mpira inahesabika kama sehemu ya chumba cha mwako, na geji itasoma chini kuliko ukweli. Kwenye injini kubwa tofauti huenda usiione, lakini kwenye silinda ndogo kama hizi inaonekana.

Kitabu cha injini hii kinataka kPa (kilopaskali) 1,471, kiwango cha chini kabisa ni 1,079, na tofauti kati ya silinda isizidi 98. Nimetoa plagi zote, nimekata umeme wa pampu ya mafuta na koili, throto imefunguliwa hadi mwisho, betri imejaa. Matokeo: silinda ya 1 ni 1,380, ya 2 ni 1,360, ya 3 ni 960, ya 4 ni 1,390. Nikatia kijiko kidogo cha oili kwenye silinda ya 3 na kupima tena: 990. Oili huziba ringi kwa muda. Ringi zingekuwa zimekwisha, namba ingepanda sana. Haikupanda, kwa hiyo hewa inapita kwenye valvu au kwenye gasketi.

Hapo geji ya kompresheni imefika mwisho wake. Inasema kuna tatizo, haisemi ni wapi. Kifaa kinachosema ni kipima mvujo: geji mbili kwenye mstari mmoja, hewa ya kompresa inaingia upande mmoja, na geji ya pili inaonyesha asilimia inayopotea ndani ya silinda. Kama mtu ana nafasi ya kununua kifaa kimoja tu kwenye kazi ya namna hii, ningemwambia anunue hiki. Nimetumia hewa ya kPa 700. Pistoni inatakiwa iwe juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, valvu zote zikiwa zimefungwa. Ikiwa imepita hapo kidogo, hewa inaisukuma chini na krenki inazunguka kwa nguvu. Ndiyo maana ratcheti iliyotumika kuzungusha krenki lazima itolewe kwenye bolti kabla ya kufungulia hewa. Ikiachwa pale, inazunguka nayo na kuvunja mkono au kupasua rejeta.

Silinda ya 1, ya 2 na ya 4 zinapoteza kati ya asilimia 8 na 12. Kwa hesabu ya mafundi, chini ya 10 ni safi na hadi 20 bado ni injini ya kufanyia kazi. Silinda ya 3 inapoteza asilimia 38. Kisha nikaanza kusikiliza. Kwenye kijazio cha oili kuna mnong'ono mdogo sana, sawa na silinda nyingine. Kwenye throto kimya. Kwenye bomba la eksozi kuna mluzi wa wazi. Na kwenye mdomo wa rejeta vinapanda vipovu, kimoja baada ya kingine, kila hewa inapoendelea kuingia.

Kwa hiyo ni mambo mawili kwa pamoja: gasketi ya hedi inapitisha, na valvu ya eksozi ya silinda ya 3 haikai vizuri. Nimethibitisha la gasketi kwa kipima gesi: kichupa chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, injini ikiwa inawaka, kikivuta hewa ya juu ya maji. Kikikutana na gesi ya kabonidayoksaidi kinageuka njano. Kimegeuka haraka. Kuna la kuzingatia hapa: punguza maji kidogo kwanza, yasije yakavutwa ndani ya kichupa, kwa sababu yanaharibu kimiminika na jibu linakuwa si la kuaminika.

Orodha imepungua sana. Kibana ringi, kipanua ringi, cha kukwaruza silinda, geji ya kipenyo, stendi, winchi ya kuinulia injini, vyote nimevipiga mstari. Sehemu ya chini ya injini haifunguliwi. Ringi zimejibu vizuri kwenye vipimo viwili vya aina tofauti, na sina sababu ya kuzisumbua.

Jumatatu jioni. Kushikilia krenki

Hedi haitoki bila kufungua kava la cheni, na kava halitoki bila puli ya krenki kutoka. Bolti ya puli hukazwa kwa N·m (nyutoni-mita) 128 na ikikaa miaka kwenye joto hutaka nguvu kubwa zaidi kufunguka. Ukiipiga spana bila kuishikilia krenki, injini nzima inazunguka.

Najua njia zinazotumika gereji. Moja ni kuegemeza spana chini kisha kupiga stata. Nyingine ni kuchomeka bisibisi kwenye meno ya flaiwili. Siziungi mkono. Ya kwanza haina namna ya kudhibiti nguvu, na ya pili inavunja meno au kupasua kingo za nyumba ya gia, ambayo ni alumini. Kuna pia bunduki ya kufungulia, ya hewa au ya betri, nayo inafungua vizuri sana. Ila haimalizi shida. Siku ya kurudisha, bolti ile inatakiwa ikazwe kwa toki renchi hadi 128, na wakati huo krenki lazima ishikiliwe. Kwa hiyo kishikilio kinahitajika hata kwa mwenye bunduki.

Puli hii ina matundu mawili yenye nyuzi za M8 usoni. Kishikilio ni bamba la chuma linalofungwa kwa bolti mbili hapo, lenye tundu kubwa katikati la kupitisha soketi. Hiki nimeamua kukitengeneza. Ni bamba la unene wa mm 10 na urefu wa mm 700. Kwa urefu huo, N·m 128 ni nguvu ya takriban N 183 kwenye ncha ya mkono, ambayo mtu mmoja anaimudu bila kutetemeka.

Kazi ilikuwa kupata umbali sahihi kati ya matundu, maana hitilafu ya milimita moja inafanya bolti zikae mshazari na kukata nyuzi za puli. Nilifunga bolti mbili ndefu kwenye matundu kwa mkono, nikapima kwa kaliba umbali wa nje kwa nje, kisha wa ndani kwa ndani. Jumlisha, gawanya kwa mbili: hicho ndicho kitovu kwa kitovu, na kipenyo cha bolti kinajifuta chenyewe kwenye hesabu. Bolti nilizotumia ni za daraja la nguvu 10.9. Imefunguka kwa sauti moja kavu.

Kuvuta puli yenyewe kuna mtego wake. Puli ya namna hii ni vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa na raba katikati, na raba hiyo ndiyo inayotuliza mitikisiko ya krenki. Pula (kifaa cha kuvutia puli) ya kucha tatu inayoshika ukingo wa nje inaivuta raba, na raba ikichanika ukingo unateleza polepole wakati gari linatembea. Chagua pula inayofungwa kwa bolti kwenye kitovu. Hapa matundu yale yale ya M8 yametosha.

Jumatano. Kufuli za taimingi

Sijanunua vifaa hivi vya kuzuia kamshafti na krenki zisisogee. Injini hii ina alama kwenye gia za kamshafti na krenki, na cheni ina viungo vya rangi vinavyolingana na alama hizo. Gia ya krenki ina kabari yake. Ukipanga alama, umemaliza.

Nimeiandika kwa sababu jibu hili halihamishiki. Injini za Duratec za silinda 4 za Ford, kwa mfano, gia ya krenki haina kabari. Inashikwa na msuguano wa bolti ya puli peke yake. Ukilegeza bolti hiyo taimingi inakuwa huru, na bila bamba la kupitisha kwenye mifereji ya nyuma ya kamshafti na pini ya kuweka pistoni juu, hakuna alama ya kurudia. Kwa injini kama hiyo kufuli za taimingi zinanunuliwa kabla ya kugusa puli, si baada yake.

Alhamisi. Soketi ya bolti za hedi

Bolti za hedi zina tundu la ndani lenye ncha 12. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi kwa kifaa kinachofanana na kile sahihi. Kuna aina mbili za tundu la ncha 12. Moja ni pembesita mbili zilizolazwa juu ya nyingine, nyingine ni miraba mitatu, ile inayoitwa XZN. Ukiangalia kwa haraka zote ni nyota. Tofauti iko kwenye ncha: ya miraba mitatu ina ncha kali za pembe mraba, nyuzi 90, na ya pembesita mbili ina ncha butu zaidi, nyuzi 120. Soketi ya aina moja inaweza kuingia kwenye tundu la aina nyingine ikakaa kama inayotosha, ikashika kwa robo ya nguvu, kisha ikasaga tundu. Baada ya hapo unachimba bolti ngumu kwa drili, ndani ya hedi ya alumini.

Nilisafisha tundu moja kwa waya na hewa hadi chini, nikamulika tochi, nikaingiza soketi na kuizungusha kwa vidole kushoto na kulia. Ile sahihi haina mchezo unaoonekana. Pia inagusa chini ya tundu. Uchafu ukibaki chini, soketi inaning'inia kwenye nusu ya kina na nguvu yote inabebwa na midomo ya juu.

Nimechukua soketi ndefu ya kipande kimoja badala ya biti fupi inayochomekwa kwenye kishikio, kwa sababu bolti ziko ndani sana na kila kiungo cha ziada kinaongeza mchezo. Bolti zimelegezwa kidogo kidogo kuanzia za nje kuja katikati, ili hedi isipinde.

Jumamosi. Hedi imetoka, rula imeingia

Gasketi imeungua kati ya silinda ya 3 na njia ya maji. Mstari mweusi wa upana wa kalamu, na karibu yake chuma cha gasketi kimepoteza rangi. Kuta za silinda bado zina mikwaruzo ya kiwandani iliyopishana, zote nne. Uamuzi wa kutogusa ringi umethibitika kwa macho.

Sasa swali ni kama hedi imepinda. Kitabu kinaruhusu mm 0.05 upande wa bloku. Rula ya kawaida ya chuma, hata nzuri, haina dhamana ya kunyooka kwa kiasi hicho. Ukiweka rula iliyopinda mm 0.04 juu ya hedi iliyonyooka, utaipeleka hedi ikakatwe bure, na kila ukataji unaongeza kompresheni na kusogeza taimingi. Kinachotakiwa ni rula ya upimaji yenye ukingo ulionolewa, ya daraja linalotajwa kwenye kiwango kama DIN 874, na urefu unaozidi mshazari wa hedi. Kwangu mm 500.

Hii nimeiazima kwa fundi wa mashine za kukata chuma. Ni kifaa cha kutumika mara chache, kinaharibika kikianguka, na mwenye nacho anakitunza kwenye sanduku lake. Naona hicho ndicho kigezo kizuri cha kuazima: usahihi mkubwa, matumizi machache.

Nimepima mistari sita: miwili ya urefu, miwili ya mshazari na miwili ya upana, nikijaribu kupitisha jani la fila geji (majani membamba ya kupimia upenyo) la mm 0.03, kisha la 0.04. La 0.03 limepita kwa kukwama katikati ya mshazari mmoja. La 0.04 halikupita popote. Uso wa bloku pia uko ndani ya kipimo. Hedi haikatwi.

Kusafisha nyuso nimetumia kikwaruzio cha plastiki na kimiminika cha kulainisha gasketi. Zile diski za msasa zinazofungwa kwenye drili sizitumii kwenye alumini. Zinachimba mabonde usiyoyaona, na gasketi ya siku hizi ya tabaka za chuma inataka uso laini sana. Zaidi ya hapo vumbi lake ni la chembe ngumu zinazoingia kwenye njia za oili na kula beringi za krenki.

Matundu ya bolti kwenye bloku yalikuwa na maji na oili chini. Lazima yatoke yote. Bolti ikishuka kwenye tundu lisilo na njia ya kutokea huku chini kuna kimiminika, kimiminika hakibanwi, na bloku inapasuka. Kwa nyuzi nimetumia kifaa cha kusafishia nyuzi, si tepu ya kukatia. Tepu inakata chuma kipya na kulegeza nyuzi, ilhali kisafishio kinafuata njia iliyopo na kusukuma uchafu nje. Miwani ya macho wakati wa kupuliza hewa, bila mjadala.

Jumapili. Kubana springi za valvu

Kifaa kilichonichukua muda mrefu kuchagua ni hiki. Kibana cha umbo la C kinauzwa kila mahali, na vingi vimetengenezwa kwa injini za valvu 8 zenye springi zilizo wazi juu. Hapa tapeti ni vikombe vinavyoteleza ndani ya matundu ya hedi, na springi imejificha chini ya tundu hilo. Kipenyo cha tundu la tapeti ni mm 31. Mguu wa kibana lazima uingie humo, ufike kwenye kisahani cha springi, ubane, na bado uache dirisha la kutoa loki (vipande vidogo vinavyokishikilia kisahani kwenye shina la valvu), bila kugusa ukuta. Mkwaruzo kwenye ukuta huo unaifanya tapeti ikwame.

Kwa hiyo nilipima vitu vitatu kabla ya kuchagua: kipenyo cha tundu, kipenyo cha kisahani, na kina kutoka ukingo wa hedi hadi kisahani. Kilichofaa ni kibana chenye vikombe vya kubadilisha, na nikachukua kikombe cha nje mm 24 chenye madirisha mawili. Ndani ya tundu nimeviringisha kipande cha plastiki ya chupa kama ngao. Ukikiweka sawa, unaona kwenye dirisha loki mbili ndogo zimekumbatia shina la valvu. Ukibana milimita chache zinalegea, na ncha ya sumaku inazitoa moja moja. Kama kisahani kimegandamana na loki, usiongeze nguvu kwenye skrubu. Gonga kisahani kwa soketi na nyundo ya plastiki kwanza, ndipo ubane.

Kurudisha, grisi kidogo kwenye mfereji wa shina inazishika loki mahali pake wakati unalegeza. Kila valvu ina tundu lake kwenye ubao wenye namba. Valvu hazichanganywi.

Valvu ya eksozi ya silinda ya 3 ilikuwa na doa la kuungua upande mmoja wa uso, halijafika kuwa ufa. Nimeweka valvu mpya na kuisagia kwenye kiti chake kwa pesti na kijiti chenye kikombe cha kunyonya. Alama ya mgusano sasa ni pete moja ya kijivu isiyokatika. Kipimo cha mwisho ni kumimina petroli kwenye njia ya eksozi na kutazama upande wa chumba. Imekaa kavu.

Sili za shina zimetolewa kwa koleo maalumu lenye midomo ya mviringo. Za kuingiza, soketi ndefu ya kipenyo sahihi imetosha, ikisukumwa kwa mkono.

Jumanne. Toki renchi mbili, geji ya nyuzi hakuna

Bolti za hedi: N·m 29, kisha zungusha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Vifuniko vya kamshafti: 13 au karibu na hapo. Puli ya krenki: 128. Toki renchi inayouzwa zaidi ni ya N·m 40 hadi 200, na kwa kazi hii inafaa bolti moja tu. 29 haimo kwenye kipimo chake. Kiwango cha ISO 6789 kinaruhusu renchi za kubofya kukosea hadi asilimia 4 zikiwa juu ya N·m 10, na dhamana hiyo ni ya ndani ya mizani yake, kwa kawaida kuanzia asilimia 20 ya uwezo wake wote. Nimechukua ya 10 hadi 60 na ya 40 hadi 200. Ukiwa na moja tu, chukua ndogo. Bolti nyingi za injini ziko humo, na ndizo zinazokatika au kung'oa nyuzi za alumini.

Ukilazimika kuongeza kiungo kinachorefusha renchi kwa mbele, hesabu inabadilika: zidisha kipimo unachotaka kwa urefu wa renchi, gawanya kwa urefu wa renchi pamoja na kiungo. Renchi ya mm 400 na kiungo cha mm 40, ukitaka 44 unaweka 40. Kiungo kikiwekwa pembe mraba, hesabu haihitajiki.

Kwa nini pembe baada ya 29? Sehemu kubwa ya nguvu unayoitia kwenye bolti inaliwa na msuguano: karibu nusu chini ya kichwa cha bolti, karibu asilimia 40 kwenye nyuzi za bolti, na inayobaki kunyoosha bolti ni kama asilimia 10. Oili kidogo zaidi au uchafu kidogo unabadilisha hiyo 10 sana. Pembe haidanganywi na msuguano, kwa sababu ukizungusha robo, bolti inanyooka kiasi kile kile.

Geji ya nyuzi sijaichukua. Robo duara inaonekana kwa nukta ya rangi kwenye kichwa cha bolti: ikiwa mbele, inakwenda kando, kisha inakwenda nyuma. Injini inayotaka nyuzi 75 au 130 ni habari nyingine, hapo geji ni ya lazima. Bolti zilipimwa urefu kwa kaliba kwanza. Zote ziko chini ya kikomo cha kitabu, zimerudi.

Ijumaa. Maikromita na tapeti

Baada ya kusaga, valvu imekaa juu zaidi kwenye hedi na nafasi yake (upenyo kati ya kamshafti na tapeti) imepungua. Inayotakiwa, injini ikiwa baridi: valvu ya ingizo mm 0.15 hadi 0.25, ya eksozi 0.25 hadi 0.35. Tapeti hizi hazina vibati vya kurekebishia. Unabadilisha tapeti nzima kwa unene tofauti, na unene huo unapanda kwa hatua za mm 0.02. Kaliba inaweza kukosea kiasi hicho hicho, kwa hiyo haina kazi hapa. Ni maikromita ya 0 hadi 25 inayosoma 0.01.

Hesabu ni unene wa zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi lengwa: 0.20 kwa ingizo, 0.30 kwa eksozi. Kwenye eksozi ya 3 tapeti ilikuwa 5.24, nafasi 0.20. Inatoka 5.14. Nyingine zote zimo ndani.

Jumamosi. Kuwasha na kupima upya

Sili ya krenki imeingizwa kwa kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha sili, kimekatwa mdomo sawa. Bamba la krenki limerudi kazini, 128 imebofya bila krenki kusogea. Nimeizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata, alama zikarudi mahali pake.

Imewaka, haimisi. Kompresheni ya silinda ya 3 ni 1,370. Kipima mvujo kinasoma asilimia 9, eksozi kimya, hakuna kipovu kwenye rejeta. Kimiminika cha kupima gesi kimebaki bluu.

Rula imerudi kwa mwenyewe leo. Kibana springi kinabaki, kwa sababu kile kikombe cha mm 24 kitafaa injini nyingi za valvu 16. Oili ya sasa itamwagwa baada ya kilomita 500 ili kutoa mabaki ya pesti na gasketi, na siku hiyo nafasi za valvu za eksozi zitapimwa tena kwa fila geji kabla ya kava kufungwa.